Gari lako, mkono wako na njia yenyewe: maswali tunayoulizwa kabla ya kuacha lami

Sisi ni madereva wachache wa Mombasa tunaotoka mjini wikendi kwenda Kwale, Taru, Taita na Tsavo. Kila ikifika Alhamisi, simu zetu hujaa picha za magari na swali moja: "Hili litafika?" Tumeona afadhali tuyaandike majibu mahali pamoja.

Nina gari la 4x4. Litafika?

Kwa picha ya gari pekee hatuwezi kukujibu. Kuna gari, kuna wewe, na kuna njia ilivyo siku hiyo, si ilivyokuwa shemeji yako alipopita mwezi wa pili. Kati ya hayo matatu, lililo dhaifu ndilo linaloamua. Land Cruiser mikononi mwa mtu asiyejua gia za chini, zile za kwenda polepole kwa nguvu, zinaingizwaje haina tofauti na saluni, ila inakunywa mafuta zaidi. Na tumeshaona Probox yenye dereva mtulivu ikifika mahali ambapo tulikuwa tumeapa haifiki, mradi kuwe kukavu.

Kwa hiyo usishangae ukitupigia nasi tukaanza kukuuliza mambo mengine kabisa. Mara ya mwisho kushuka mlima kinyumenyume ilikuwa lini? Huko unakokwenda mvua imenyesha lini? Ukikwama, nani atakuvuta?

Ugumu wa njia mnaupima vipi? Ramani ya simu haionyeshi.

Jimbo la Victoria kule Australia lina madaraja manne ya ugumu kwa njia za magari haya, kuanzia rahisi hadi ngumu sana. Wamarekani wengi hupenda kuhesabu moja hadi kumi. Sisi tunatumia ngazi yetu wenyewe ya madaraja matano, na tunakiri kwamba ni makadirio ya watu waliokwama mara nyingi.

La kwanza ni moramu iliyochongwa, kama zile barabara kubwa za Tsavo East kutoka Voi kuelekea Aruba wakati wa kiangazi. Gari lolote lililoinuka kidogo linapita. Adui hapo ni mwendo wako na ile mikunjo ya bati inayolegeza kila nati. La pili lina mitaro iliyochimbwa na maji, mawe ya ukubwa wa nazi, mchanga mwepesi hapa na pale. Magurudumu yote manne yakivuta unapata raha, ingawa si lazima. Njia nyingi za ndani ya Shimba Hills tunaziweka hapa, kukiwa kukavu.

Daraja la tatu ndilo mpaka. Mpando una mawe yanayoteleza chini ya tairi, mto mkavu una mchanga mzito, na pengine gurudumu moja linabaki likining'inia hewani. Asiye na gia za chini tunamwambia abaki, na hapo ndipo ugomvi mwingi huanza. La nne, mtu hushuka garini kila kizuizi, mwenzake anamwelekeza kwa mikono, difloki (kile kifaa kinachofunga magurudumu yazunguke pamoja) inafanya kazi, na rangi ya gari umeshaisamehe kabla ya kutoka nyumbani.

La tano hatuendi. Ukitaka kuliona, tazama Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia ulinzi wa msitu wa Aberdare. Wengi hudhani ni mbio, lakini sivyo: gari hupewa muda wa saa 10 kufikia vituo 13, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa kilomita chache kuliko wenzake. Ndiyo maana utawaona wanashusha gari gengeni badala ya kulizunguka.

Kumbuka pia kwamba njia uliyoishuka asubuhi ikiwa ya daraja la pili, jioni ukiipanda huenda ni ya tatu. Hili watu hulikumbuka saa tisa alasiri, wakiwa bondeni.

Nimepima kwa rula: Forester yangu imeinuka kuliko Jimny ya jirani. Mbona yeye mnamruhusu?

Rula yako haidanganyi. Forester za miaka ya karibuni zina milimita 220 chini ya tumbo, na Jimny ya sasa ina 210. Lakini gari haligusi ardhi kwa tumbo peke yake. Linaanza na pua, linafuata tumbo, linamalizia na mkia. Jimny imekatwa fupi mbele na nyuma: inaweza kukabili mwinuko wa nyuzi 37 kwa mbele bila bampa kugusa, na nyuma nyuzi 49. Halafu magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yameachana kwa mita 2.25 tu, wakati ya Forester yameachana kwa karibu mita 2.67. Likipanda tuta kali, gari refu hulala juu yake kama mtu aliyelala kwenye kamba ya kuanikia nguo. Wakazi wa mitaa yenye matuta yaliyojengwa na wenyeji usiku wanalijua hili bila hesabu yoyote.

Jambo la pili ni gia, na kwetu lina uzito kuliko la kwanza. Jimny ina gia za chini zinazozidisha nguvu za magurudumu mara mbili hivi. Prado ya 150 huzidisha mara mbili na nusu. Forester haina. Giaboksi yake ni ile isiyo na hatua, inayotumia mkanda au mnyororo, na ukiilazimisha kupanda polepole kwa muda mrefu mafuta yake hupata moto, nayo hujilinda kwa kupunguza nguvu. Yaani inakuacha katikati ya mpando, hasa pale usipotaka kuachwa.

Hatusemi Forester ni gari baya. Daraja la kwanza na la pili tunaliona starehe kuliko Jimny, ambayo upepo wa Mackinnon Road na malori ya makontena huipeperusha kama kikapu. Ila ni gari la daraja la pili, na hilo si tusi.

4H na 4L nitumie lini?

Kama gari lako ni la kuchagua mwenyewe, yaani kawaida linavuta kwa nyuma tu, 4H, yaani magurudumu yote manne kwa gia za kawaida, ni ya mahali panapoteleza: moramu, mchanga, matope. Usiitumie kwenye lami kavu. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa yamefungwa pamoja, ile tofauti hukosa pa kutokea ikajikusanya kwenye shafti na difu. Utalihisi gari linavutana lenyewe kwa lenyewe. Ukiendelea, utazoeana sana na fundi wa giaboksi.

4L, yaani yote manne kwa gia za chini, ni ya kwenda polepole kwa nguvu. Wengi huiingiza wakiwa wameshakwama, magurudumu yameshajichimbia. Iingize kabla, gari likiwa limesimama na gia iko huru. Faida yake kubwa wala si kupanda, ni kushuka: ukiweka gia ya kwanza ya 4L, injini inalishika gari nawe huna haja ya kulala juu ya breki. Breki zikifunga mteremkoni kwenye changarawe, matairi huteleza na usukani haukusikii tena.

Nina miaka 20 barabarani, Nairobi nimeenda mara mia. Bado mnaniita mwanafunzi?

Ndiyo, siku ya kwanza. Barabara kuu hufundisha kukisia mwendo wa wengine. Njia ya mawe hufundisha kujua tairi lako la nyuma kushoto liko wapi bila kuliona, na ni ujuzi mwingine kabisa. Aliyetushangaza kuliko wote alikuwa dereva wa matatu ya upande wa Likoni. Hakuwahi kugusa 4x4 maishani mwake, lakini upana wa gari aliujua kwa sentimita, na akielekezwa alisikiliza. Siku hiyo hiyo tulimpandisha daraja la tatu. Na tumewahi kuwa na bwana mwenye gari la mamilioni asiyeweza kufuata mkono wa mtu aliyesimama mbele yake, kwa sababu alishajua.

Jipime mwenyewe kwenye kiwanja. Weka chupa tupu ya maji chini, ondoka, kisha rudi usimamishe tairi la mbele kushoto liiguse bila kuiponda. Rudia kwa tairi la nyuma. Ukiponda chupa tatu mfululizo, anza na daraja la kwanza.

Kisha kuna jaribio lenyewe: injini kuzimika katikati ya mpando. Kanyaga breki, usiikanyage klachi kwanza. Weka rivasi ukiwa na 4L, hakikisha magurudumu yamenyooka, washa, achia breki taratibu, teremka kinyumenyume kwa njia ile ile uliyopandia. Usigeuze. Mwandishi wa majibu haya aligeuza, mwaka wake wa kwanza na pikapu yake, kwenye kijia kimoja huko Taita. Gari lilikaa upande, magurudumu mawili yakaanza kuwa mepesi, na mgomba wa mwenye shamba ndio uliolizuia. Tulilipa mgomba. Watu wa shamba walileta kamba, wakacheka mpaka magharibi, na haki yao.

Asiyeweza kurudi hivyo bila kugeuza haendi daraja la tatu na sisi, hata akiwa na gari gani.

Mchangani nipunguze upepo kiasi gani?

Kama lami unaenda na PSI 34, kwenye moramu mbovu shusha hadi 26 au 28, mchangani hadi 18. Umekwama kabisa? 15, kisha utoke polepole bila kukata kona kali, maana tairi laini linaweza kuchomoka kwenye rimu. Watu hufikiri tairi hupanuka. Kwa kweli hurefuka: alama yake ardhini huwa ndefu, kama wayo badala ya kisigino, na uzito wa gari hutawanyika.

Upepo ukishapungua, mwendo nao upungue. Tairi laini likikimbizwa lami hupata moto na kupasuka. Kwa hiyo aliye na kipimo cha upepo lakini hana pampu hajajitayarisha. Tumeshakaa Samburu, ile ya Kwale, tukingojeana zamu ya pampu moja kwa magari sita, kwenye jua lile.

Mchangani usifunge breki ghafla. Liache gari lisimame lenyewe, ikiwezekana likiangalia chini. Na likianza kuzama, acha mafuta mara moja! Kila sekunde unayozungusha magurudumu unajichimbia kaburi, na mwenye koleo ni wewe.

Si nifanye mazoezi ufukweni tu? Mchanga uko karibu.

Hapana. Kasa hutaga mayai kwenye mchanga wa juu wa fukwe zetu, na tairi hupita juu ya shimo bila wewe kujua. Kuna watoto, kuna wavuvi na nyavu zao. Halafu kuna maji yenyewe: siku za bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na gari lililozama kwenye mchanga wa maji kupwa lina saa chache tu kabla ya kuwa mali ya Mwenyezi Mungu. Hata likiokolewa, chumvi itakula nyaya na chasi taratibu, nawe utashangaa mwaka ujao kwa nini taa zinawaka zenyewe.

Tafuta shamba la jamaa au machimbo yaliyoachwa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kilima kimoja na shimo moja vinatosha mwezi mzima wa mazoezi.

Mvua imenyesha juzi. Tuendelee?

Inategemea udongo. Shimba Hills kuna sehemu kubwa ya udongo wa kichanga unaokausha maji mapema. Lakini ukanda wa Jomvu kuelekea Rabai, na sehemu za bara ya Kinango, una mfinyanzi. Ukilowa hujaza meno ya tairi mpaka tairi la matope linakuwa laini kama limenyolewa. Gari zito ndilo linaloteseka zaidi, kwa hiyo usijivunie ukubwa wa gari lako siku hiyo. Sisi tunapandisha njia ya mfinyanzi madaraja mawili siku mbili baada ya mvua kubwa. Njia ya pili inakuwa ya nne. Kuanzia Aprili hadi Juni, masika, orodha yetu huwa fupi sana.

Maji yanayopita juu ya njia ni habari nyingine. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinaweza kulielesha gari dogo, na 60 huchukua karibu gari lolote, pamoja na yale yaliyoinuka. Kanuni ya kawaida ni kwamba usipoweza kuvuka kwa miguu usivuke kwa gari. Kwetu ina kasoro moja: kwenye mto Galana usishuke kupima kwa miguu, kuna mamba na viboko. Kama huoni chini na huwezi kupima, geuza. Mito ya msimu ya Taru hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo hukuiona, na mara nyingi hushuka kabla ya jua kuzama. Kaa, pika chai.

Ndani ya Tsavo au Shimba Hills naruhusiwa kuacha njia nikajaribu gari?

Huruhusiwi. Kanuni za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kubaki kwenye njia zilizowekwa, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, na kushuka garini mahali palipotengwa tu. Ukivunja, utatimuliwa na huenda ukatozwa faini.

Lakini usidhani hifadhini hakutaki ustadi. Ndovu akisimama njiani na kutandaza masikio, ujuzi unaotakiwa ni ule ule wa kurudi kinyumenyume kwa mstari, mita mia, bila kuingia mtaroni na bila kupiga kelele. Ndiyo maana tunaufundisha kwanza.

Tairi za AT (za njia zote) au MT (za matope)?

AT. Kwa mtu anayeishi Mombasa, sehemu kubwa ya safari yake ni lami ya kwenda na kurudi, na MT kwenye lami yenye mvua haishiki vizuri, tena inavuma kama kinu. Kinachotutoboa sisi ni miiba ya nyika, na hutoboa ubavuni ambako kiraka hakishiki. Angalia ubavu mnene kuliko meno makubwa, na ubebe spea mbili ukivuka Mariakani.

Nibebe nini?

Maji, lita tano kwa kila mtu kwa siku. Koleo, pampu, kipimo cha upepo, jeki na ubao mpana wa kuiwekea chini, kwa sababu jeki mchangani huzama yenyewe. Kamba ya kuvutia isiyo ya katani ya kufungia mizigo. Shakeli mbili, zile pete za chuma za kuungia kamba.

Na hapa tutakuwa wakali. Usifunge kamba kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Umetengenezwa kwa kuvuta trela inayobingirika, si gari lililozama hadi kwenye ekseli. Ukikatika huruka kama risasi, na watu wameshakufa hivyo katika nchi mbalimbali. Funga kwenye sehemu za kuvutia zilizoungwa na chasi. Kabla ya kuvuta, weka blanketi au koti zito katikati ya kamba ili ikikatika ianguke, na kila asiye dereva arudi nyuma zaidi ya urefu wa kamba yenyewe. Wanaotaka kupiga video wakae mbali vile vile. Video haina thamani hiyo.

Tukiwa saba na mizigo juu?

Shusha daraja moja. Mizigo ya juu hulifanya gari liwe na kichwa kizito, na njia ya kulalia upande uliyoipita ukiwa peke yako inaweza kukulaza. Vitu vizito viwekwe chini, katikati. Mjamzito au mwenye mgongo mbovu asiwe kiti cha nyuma kabisa, au wapewe siku ya daraja la kwanza.

Nataka kukodi gari. Niangalie nini?

Soma mkataba: mingi hairuhusu kuacha lami, au bima haifuati huko. Kisha usichukue funguo kabla hujaiingiza 4L mwenyewe palepale na kuona magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Tumekutana na 4x4 za kukodi ambazo kishikio kiko lakini shafti ya mbele iliondolewa zamani. Shusha spea chini uione, isiwe rimu tupu.

Nikifika mahali nikaogopa, mtanicheka?

Hapana. Sema mapema tu, kabla ya magurudumu ya mbele kuingia. Tuna dereva mmoja, dada wa Nyali, mwaka wa kwanza aligeuza gari mara nne kwenye mpando ule ule. Mara ya tano alishuka, akautembea juu hadi chini, akahamisha mawe mawili, akapita kwa gia ya kwanza bila kupandisha sauti ya injini. Waliokuwa wameshapita kabla yake ndio walikuwa na bampa zilizopasuka.

Nafasi ya kugeuza tunaitafuta kabla ya kila kizuizi, na mmoja wetu akigeuza mmoja zaidi hurudi naye. Gari haliachwi peke yake.

Tunakutana wapi na saa ngapi?

Kwa Taru, Taita na Tsavo tunakutana Mazeras saa kumi na moja na nusu alfajiri, ili tupite mizani ya Mariakani kabla foleni ya malori haijarefuka. Kwa Shimba Hills tunapitia barabara ya Dongo Kundu siku hizi, kwa hiyo hakuna tena kuamkia foleni ya feri ya Likoni. Tunakutana Ng'ombeni saa kumi na mbili. Tangi lijae, upepo uwe wa lami, na gari liwe limeshaangaliwa maji na oili usiku wa kuamkia safari. Anayechelewa zaidi ya dakika kumi na tano tunamtumia ujumbe, kisha tunaondoka.